Sokwe aliyekaa peke yake miaka 11: tumuunganishe na wenzake au tumwache?

"Daktari, shikamoo. Mimi ni mtunzaji katika kituo kidogo cha wanyama yatima. Tuna sokwe wanane. Saba wanaishi pamoja: madume wawili wakubwa, majike watatu na vijana wawili. Wa nane ni dume wa miaka kama 17, tunamwita Baraka. Aliletwa akiwa na miaka sita hivi kutoka hoteli moja alikokuwa amefungwa mnyororo, na tangu siku hiyo anakaa peke yake kwenye kizimba cha mita nne kwa nne. Mikono yake haina manyoya, anayanyofoa mwenyewe. Hujitikisa mbele na nyuma, na akishakula hutapika, kisha anakula tena alichotapika. Sasa tumepata fedha kidogo. Msimamizi anataka tumjengee kizimba kikubwa zaidi na kumwekea matairi na televisheni. Anasema Baraka ameshazoea watu, na fahali wawili hawakai zizi moja, sembuse watatu. Mimi naona anateseka, lakini naogopa tukimwingiza kwa wenzake watamuua, na damu yake itakuwa juu yangu. Wapo wanaosema tumnunulie mke tu, wengine tumrudishe porini. Tufanye nini?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hofu yako, maana ina msingi. Sokwe huua sokwe wenzao. Pale Gombe, Tanzania, kati ya 1974 na 1978, madume wa kundi la Kasakela waliwawinda madume wa kundi la Kahama mmoja mmoja hadi wakawamaliza, na hao walikuwa wamewahi kuishi nao kama kundi moja. Kwa hiyo mtu akikuambia "fungua tu mlango, watazoeana", mtu huyo asiguse funguo zenu.

Lakini tazama pia mikono ya Baraka. Hatari ya kupigana inaweza kupunguzwa sana kwa maandalizi. Hatari ya upweke haina maandalizi, inamla kila siku. Mimi nasema muunganisheni, pole pole, mkianza na jike mmoja, na fedha mlizopata mzitumie kwenye milango kabla ya kuta. Hilo la milango nitalirudia, msimamizi wako anisamehe.

Kwanza tuelewe anachofanya. Mtoto wa sokwe hunyonya mpaka miaka minne au mitano, na muda mwingi wa utoto wake yuko kifuani au mgongoni mwa mama. Baraka alinyang'anywa mwili huo, na karibu kila mara mama huuawa ndipo mtoto apatikane. Kule kujitikisa ni mwendo wa mgongo wa mama anaoutengeneza mwenyewe. Kunyofoa manyoya nako ni kazi ya mikono iliyokosa mwenzake. Sokwe mkubwa hutumia saa nyingi kwa wiki kuchambua manyoya ya wengine na kuchambuliwa yake, jambo tunaloliita kutoana chawa hata pasipo na chawa. Mikono ile haikupata manyoya ya mwingine, ikarudi kwenye yake. Kutapika na kula tena kuna uhusiano mkubwa na ratiba yenu ya chakula. Porini sokwe hutumia karibu nusu ya mchana kutafuta na kula. Kizimbani ndizi zinaisha kwa dakika kumi, na zilizobaki ni saa za kutazama ukuta.

Sitaki kukuahidi kwamba akipata wenzake haya yote yataondoka. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti juu ya sokwe 40 katika vituo sita vya kufugia, wengi wao wakiishi kwenye makundi, na kila mmoja alionekana akifanya angalau jambo moja lisilo la kawaida. Kwenye kituo cha sokwe cha Sweetwaters, Ol Pejeta, kulikuwa na sokwe aitwaye Poco. Alikulia Bujumbura ndani ya kizimba chembamba kilichoning'inizwa juu ya gereji ili kuvuta wateja, hana nafasi ya kufanya lolote ila kusimama wima. Alipookolewa na kupelekwa Kenya aliendelea kutembea kwa miguu miwili mara nyingi kuliko sokwe yeyote pale, na wageni walimshangilia bila kujua walichokuwa wakikitazama. Lakini alitembea hivyo akiwa na wenzake, kwenye nyasi. Na Baraka mpimeni hivyo hivyo: kama siku yake imejaa, wala si kama manyoya yamerudi yote.

Sasa hili la "ameshazoea watu". Jina letu lenyewe, sokwe mtu, linatuponza kidogo. Wewe unafika saa moja asubuhi, unaondoka saa kumi na moja jioni. Huwezi kuingia kizimbani kwa dume wa miaka 17. Huwezi kulala naye. Huwezi kumpa heshima ya cheo anachokitaka, wala kumsaidia kumtisha mpinzani. Aliyoyazoea ni mema yako, na hayajazi nafasi ya kundi. Halafu watu huleta mafua. Mwaka 2013, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, kirusi cha jamii ya rinovirusi, ambacho mtoto wako akikipata utampa chai ya tangawizi, kiliua sokwe watano wa kundi la Kanyawara. Kila mnayemruhusu akae karibu na Baraka kumfariji avae barakoa, na mwenye kikohozi abaki nyumbani.

Fahali wawili na zizi. Kwa ng'ombe sibishi. Kwa sokwe mambo yako kinyume: ni majike ndio kwa kawaida huondoka walikozaliwa wanapokaribia utu uzima, na madume hubaki na kaka na binamu zao mpaka kufa. Wanawinda pamoja, wanazunguka mipaka pamoja, wanatoana chawa kwa saa nzima, na cheo cha dume hutegemea nani yuko upande wake kuliko ukubwa wa misuli. Kwa maana hiyo dume anawahitaji madume. Ila ni siasa, na siasa ina wahanga.

Msimamizi wako angetaka mfano wa kumtetea, ningempa wa Arnhem, Uholanzi. Bustani ya Burgers ilianza kuwaweka sokwe kwenye kisiwa kikubwa cha wazi tangu 1971, na mtafiti Frans de Waal akawatazama kwa miaka. Palikuwa na madume watatu wakuu, Yeroen, Luit na Nikkie, waliobadilishana ushirika kama wanasiasa wakati wa uchaguzi. Usiku mmoja wa Septemba 1980, wakiwa wamefungiwa watatu peke yao kwenye vyumba vya kulala, Yeroen na Nikkie walimvamia Luit. Asubuhi alikutwa kwenye damu, amepoteza vidole na korodani, na alikufa siku hiyo hiyo baada ya upasuaji. Mchana madume hao hao waliishi kwenye kundi la zaidi ya sokwe ishirini, ambamo majike wakubwa huingilia ugomvi na yule anayepigwa ana pa kukimbilia. Usiku palikuwa na kuta, idadi ya watatu ambayo daima humwacha mmoja pekee, na hakuna mwamuzi. Ukiniuliza mimi nilichojifunza hapo, ni kwamba madume wawili wanakaa zizi moja, watatu pia wanakaa, mradi zizi lina milango mingi na majike wenye sauti.

Na ukubwa? Una maana yake. Mwaka 2013 kamati iliyoishauri taasisi ya taifa ya afya ya Marekani juu ya sokwe wa maabara ilipendekeza kundi la angalau sokwe saba, mita za mraba zipatazo 93 kwa kila mmoja, na mahali pa kupanda kufikia mita sita kwenda juu. Baraka ana mita 16. Lakini pale pale Arnhem, sokwe walipoingizwa ndani wakati wa baridi, kwenye nafasi iliyokuwa kama sehemu moja ya ishirini ya kisiwa chao, ugomvi uliongezeka kwa kiasi tu. Kilichoongezeka pamoja nao ni kutoana chawa na salamu za unyenyekevu. Wana akili ya kubanana. Wasichoweza kukimudu ni kona isiyo na njia ya kutoka. Kizimba kikubwa cha msimamizi, chenye matairi yake, kitakuwa gereza lile lile lenye hewa zaidi, na televisheni haijawahi kumtoa sokwe chawa.

Kwa hiyo jengeni hivi. Unganisheni kizimba cha Baraka na vyumba vya kundi kwa vyumba viwili au vitatu vya kati, kila kimoja kiwe na milango miwili, ili sokwe anayekimbizwa aweze kuzunguka na kurudi alikoanza bila kufika mwisho. Milango iwe ya kuteleza, ikivutwa kutoka nje kwa fimbo ya chuma au waya, na ifungwe haraka bila mkono wa mtu kuingia ndani. Acheni matundu machache ambayo jike au kijana anapita na dume mkubwa hapiti. Wekeni majukwaa ya urefu tofauti, maana sokwe hukimbilia juu kabla ya mbali, na pazia za mbao hapa na pale ili aliyechoka kutazamwa ajifiche. Mtunzaji naye awe na milango miwili ya kupita, mmoja ukifungwa ndipo wa pili ufunguliwe. Haya yanagharimu chuma na mafundi wa kuchomelea, lakini hayahitaji eka.

Kabla ya jambo lolote, daktari wa wanyama awapime wote kifua kikuu, homa ya ini na minyoo, na kwa nafasi hiyo hiyo majike wawekewe vijiti vya uzazi wa mpango chini ya ngozi ya mkono, vile vile wanavyowekewa kina mama zahanati. Kituo cha yatima hakizalishi. Kila mtoto atakayezaliwa hapo atachukua nafasi ya yatima mwingine kwa miaka hamsini, maana wakitunzwa vizuri wanaweza kufika umri huo na kuupita.

Halafu muwaache wasikilizane na kuonana, majuma kadhaa, kila upande ukiwa na chakula chake. Hapa ndipo utakapoona tatizo halisi la Baraka. Sokwe nao wana shikamoo yao: mdogo kwa cheo humwinamia mkubwa na kutoa miguno mifupi ya kuhema, na mkubwa humwitikia au humpuuza, lakini amani imewekwa. Baraka aliondolewa kwa mama kabla hajaijua. Akiingia barazani bila hodi wala salamu, madume hawataona mshamba, wataona mpinzani. Inabidi afundishwe, na walimu wake ni majike.

Chagua jike mmoja mtu mzima, mtulivu, anayeheshimiwa, asiye na mtoto mgongoni, na asiye kwenye siku zake za uvimbe nyuma, kwa sababu uvimbe ule huwapandisha madume wote moto. Waweke bega kwa bega, wavu katikati. Dalili njema ni kukaa karibu na wavu kwa hiari, kugeuza mgongo ili akunwe, kuingiza midomo kwenye matundu, na uso wa mchezo: mdomo umeachama na meno ya juu yamefunikwa. Akionyesha meno yote ya juu na ya chini watu husema anacheka. Hacheki, anaogopa. Manyoya yaliyosimama, kutikisa wavu, kutema mate na maji, hayo bado ni majigambo, subirini. Ninayemwogopa mimi ni anayekaa kimya akikodoa macho, kisha anamnyooshea mwenzake mkono aje karibu na wavu.

Wakipatana wiki kadhaa, fungua mlango, asubuhi, baada ya wote kula, wawili tu. Kisha jike wa pili. Kisha vijana. Madume waje mwisho, mmoja mmoja, na aanze yule wa cheo cha chini ambaye hana cha kupoteza. Kamwe madume wote wawili wasimkute Baraka kwa mara ya kwanza siku moja. Baraka akishakuwa na majike wawili wanaomlilia akipigwa, ndipo ana mtaji wa kisiasa. Usiku mlaze mbali na madume kwa miezi mingi, kumbukeni Luit.

Ni miezi mingapi? Usiwape wafadhili tarehe. Wiki mbili nzuri hufuatwa na mwezi mmoja wa kurudi nyuma, na anayepanga kasi ni sokwe mwoga kuliko wote.

Watapigana. Sauti itakuwa ya kutisha kuliko majeraha, na watunzaji wapya hulia. Vidole vitachubuka, sikio litachanika, na ngozi ya sokwe hupona upesi ajabu. Angalieni kinachofuata: wakinyoosheana mikono, wakakumbatiana au kubusiana ndani ya nusu saa, ugomvi umefanya kazi yake. Tenganisheni mara moja ikiwa wawili wanamshika mmoja chini, kuumwa kunalenga katikati ya miguu, au anayepigwa ameacha kupiga kelele. Mpira wa maji wenye nguvu, kelele za sufuria, milango. Mtu asiingie, hata kama ni Baraka uliyemlea.

Na ikishindikana? Inatokea, na si aibu. Baraka na jike mmoja au wawili, wakiishi kama kikundi cha pili, ni ushindi mkubwa kuliko alipo sasa. Sweetwaters yenyewe ina makundi mawili yaliyotenganishwa na mto Ewaso Nyiro. Ila hao majike watoke miongoni mwenu au kituo kingine kinachotambulika. Hilo la "kumnunulia mke" lisisikike tena hapo. Biashara ya sokwe imepigwa marufuku kimataifa, na kila anayeagiza mtoto wa kike anaagiza kifo cha mama yake.

Wanaotaja pori wana moyo mzuri, na pengine wamesikia habari za Rubondo. Ni kweli, kati ya 1966 na 1969 Mjerumani Bernhard Grzimek na shirika la wanyama la Frankfurt walipeleka sokwe wapatao 17 kutoka Ulaya na kuwaachia kwenye kisiwa hicho cha Ziwa Viktoria, na vizazi vyao wapo mpaka leo. Lakini Rubondo haikuwa na sokwe wenyeji wa kuwashambulia, na hata hivyo baadhi ya madume waliozoea watu waliwavamia watu wakapigwa risasi. Kule Conkouati, Kongo-Brazzaville, walikoanza kuachiwa mwaka 1996 kwenye msitu wenye wenyeji, madume ndio walioumia zaidi. Baraka ni dume, hajui msitu na hawaogopi watu. Angefika shambani kwa mtu ndani ya wiki.

Wakati mafundi wanajenga, kuna ya kufanya leo bila fedha. Kila jioni mpe nyasi kavu na matawi yenye majani mabichi ajitandikie. Sokwe porini hutengeneza kitanda kipya karibu kila usiku, na hata aliyekulia kwenye mnyororo hujaribu. Chakula mgawie mara tano au sita, kitawanywe na kufichwa kwenye majani makavu, matunda matamu yapungue, majani na mboga ziongezeke. Choma matundu kwenye gogo, uyajaze uji mzito au asali kidogo, umwachie vijiti avulie kama sokwe wa Gombe wanavyovua mchwa. Funika upande mmoja wa kizimba ili wageni wasimwone akitaka kupumzika. Usishangae akivitupa vyote siku ya kwanza.

Barua yangu haitoshi mahali pawili. Akijiuma hadi nyama ionekane, akikataa chakula siku nzima, akihara damu au akikohoa, mwite daktari wa wanyama siku hiyo hiyo. Na kabla mlango wa kwanza haujafunguliwa, awepo mtu aliyewahi kufanya kazi hii kwa mikono yake. Andikeni kwa PASA, umoja wa vituo vya nyani wakubwa na kima barani Afrika ulioanzishwa mwaka 2000. Lwiro kule Kivu Kusini, J.A.C.K. mjini Lubumbashi, kisiwa cha Ngamba nchini Uganda na Sweetwaters wamewaunganisha sokwe wengi, na kwa baadhi yao mtazungumza Kiswahili bila mkalimani. Mamlaka ya wanyamapori ya nchi yenu nayo lazima ijue.

Jambo la mwisho, dogo, na uliangalie kesho asubuhi. Nilipoanza kazi, kwenye kituo ambacho sitakitaja, tuliwaweka majike wawili bega kwa bega tukifurahi jinsi walivyogusana. Wavu ulikuwa na matundu ya kupitisha kiganja, na mmoja wao alipoteza kidole kabla hatujafika mlangoni. Pima matundu ya wavu wenu. Ncha ya kidole ipite. Kidole kizima kisipite.